Kuchagua kompaila unapohamisha programu kutoka Linux kwenda Windows: mwongozo kamili

"Fundi, si unakopi tu kwenye flashi?" Ndivyo alivyoniuliza mama mwenye duka la vipuri siku alipofungua tawi la pili na kukuta kompyuta zote za kaunta mpya zina Windows. Programu yake ya stoo nilikuwa nimeiandika kwenye Ubuntu: mistari kama elfu tisa ya C, na C++ kidogo upande wa risiti, data ikikaa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu yenyewe. Nikamwambia wikiendi moja inatosha, mama. Zikaenda wiki tano. Tatu kati ya hizo nilizipoteza kwa kosa moja: nilishika kwanza kompaila niliyoizoea (kompaila ni programu inayogeuza msimbo unaouandika kuwa programu inayokimbia), halafu ndipo nikaenda kutazama vitu inavyotakiwa kuungana navyo.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye hivyo vitu. Nazungumzia safari ya kutoka Linux kwenda Windows kwa sababu ndiyo yenye miiba mingi. MacOS na Linux nyingine nitazigusa karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Hesabu maktaba zako kabla ya kupakua chochote

Ukiwa bado kwenye Linux, andika:

`ldd ./stoo`

Utapata orodha ya maktaba, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine, ambazo programu inazihitaji inapokimbia. Ongezea zile ambazo hazionekani hapo kwa kuwa ulizishonea ndani kabisa, na vifaa vyote vyenye maktaba zake: printa ya risiti, mizani, mashine ya kusoma misimbopau. Ukimaliza, gawa orodha mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maktaba ambazo msimbo wake unao mkononi. SQLite ni ya hapa. Inatolewa kama faili moja kubwa, `sqlite3.c`, na vichwa vyake (mafaili ya `.h` yanayotaja funksheni zilizomo), na kompaila yoyote ya maana inalimeza. Maktaba ya namna hii haina neno. Itakwenda popote utakapokwenda.

Fungu la pili ni zile zinazotolewa zikiwa zimeshajengwa, kwa kompaila zaidi ya moja. Qt, maktaba ya madirisha na vitufe, ni mfano: kwa Windows unaikuta ya MSVC na ya MinGW (kompaila mbili za Windows, tutazijua Hatua ya 2), unachukua moja na kubaki nayo hadi mwisho.

Fungu la tatu ni zile ulizopewa kama DLL tu (faili la maktaba ya Windows lililokwisha kujengwa), msimbo umebaki kwa mwenyewe. Hapa ndipo pa kusimama. Likiwemo hata jina moja katika fungu hili, hilo ndilo litakalokuchagulia kompaila, upende usipende.

Hali ni hiyohiyo ukiandika kipande kitakachoingia ndani ya programu ya mwingine. Moduli ya C kwa ajili ya Python: Python rasmi ya Windows imejengwa kwa MSVC, na kuanzia toleo la 3.5 inataka MSVC ya 2015 kwenda juu. Kifurushi cha lugha ya R ni kinyume chake, kwani Rtools, zana zake za kujengea kwenye Windows, inakuja na GCC, kompaila iliyozoeleka Linux. Mwenye nyumba ndiye anayeamua viatu vivuliwe wapi.

Kwa nini fungu la tatu lina nguvu hivyo

Chukua funksheni hii ya C++:

`int jumlisha(int a, int b);`

GCC, ikishamaliza kazi yake, haiiti `jumlisha`. Inaiita `_Z8jumlishaii`: nane ni idadi ya herufi za jina, na zile `i` mbili za mwisho ni vigezo viwili vya namba kamili. MSVC nayo funksheni hiyohiyo inaiita `?jumlisha@@YAHHH@Z`. Linka, programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa, kazi yake ni kutafuta majina. Ukiipa maktaba iliyojengwa kwa MSVC na msimbo uliokompailiwa na GCC, itatafuta jina la kwanza ndani ya faili lenye jina la pili, haitaliona, na itakuandikia `undefined reference to`. Vichwa viko sahihi, faili liko mahali pake, njia umeielekeza vizuri, na bado halioni.

Na hata ungelazimisha majina yafanane usingefika mbali. Namna klasi zinavyopangwa kwenye kumbukumbu, namna hitilafu zinavyorushwa na kudakwa, ukubwa wa `std::string`: vyote hivi kila kambi ina utaratibu wake. Utaratibu huo unaitwa ABI, nao ndio maana halisi ya neno "patanifu" tunapozungumzia kompaila. Kompaila mbili zinaweza kukubali msimbo mmoja neno kwa neno na bado zisiwe patanifu.

Kwenye C mambo ni mepesi zaidi. Jina linabaki `jumlisha`, na Windows ya biti 64 ina namna moja ya kawaida ya kuita funksheni. Kwa hiyo DLL ya C tupu iliyojengwa kwa MSVC inaitika vizuri kutoka MinGW, na kinyume chake.

Mimi printa yangu ya risiti ililetwa na DLL, faili la `.lib`, na kichwa. Sikukifungua kile kichwa. Laiti ningekifungua ningeona neno `class` mstari wa kumi na kitu, na ningejua saa ileile kwamba hiyo ni C++ ya MSVC. Badala yake nilikaa na MinGW wiki tatu nikihangaika na `gendef` na `dlltool` kuitengenezea ile DLL maktaba ya kuunganishia. Zana hizo ni nzuri kabisa kwa DLL ya C. Kwa klasi za C++ hazisaidii kitu.

Fungua vichwa. Ukiona `extern "C"` na funksheni tupu, una uhuru wa kuchagua. Ukiona klasi, violezo au `std::` popote kwenye mpaka, uhuru huo huna.

Hatua ya 2: Wajue wanaogombea

MSVC ni ya Microsoft wenyewe, inakuja na Visual Studio. Ukiwa na DLL za C++ zilizojengwa na wengine kwa ajili ya Windows, mara nyingi ndiyo zimejengewa. Sifa yake moja haisemwi vya kutosha: kuanzia toleo la 2015 hadi 2022 ABI yake haikubadilika, kwa hiyo maktaba ya 2017 unaweza kuiunganisha na programu ya 2022, mradi linka unayotumia isiwe ya zamani kuliko kipande kipya zaidi kati ya vyote. Udhaifu wake ni upande wa C. C11 na C17 iliziingiza mwaka 2020 tu, na hadi leo haikubali safu ambazo urefu wake unajulikana programu ikiwa inakimbia, wala `__attribute__`, wala `__int128`. Kama msimbo wako umekulia kwenye GCC, vitu hivi vimejaa bila wewe kujua. Visual Studio Community ni bure kwa mtu binafsi. Kampuni zina masharti yake, yasome.

MinGW-w64 ni GCC iliyofundishwa kutoa mafaili ya Windows. Msimbo wa Linux unaingia humo na mikwaruzo michache, kwa sababu kompaila ni ileile uliyoizoea. Usidanganyike, lakini: haikuletei Linux ndani ya Windows. `fork`, funksheni ya Unix ya kuzaa mchakato mwingine, haimo. Ukiitumia, utaiandika upya.

Clang ina nyuso mbili kwenye Windows, na wengi wanazichanganya. Ukiiita kwa jina la `clang-cl` inazungumza ABI ya MSVC, inakubali swichi zake, na inahitaji vichwa na maktaba zake ziwepo kwenye mashine. Ukiichukua ndani ya MSYS2 (mkusanyiko wa zana za kujengea programu kwenye Windows), kwenye mazingira ya CLANG64, inafuata ABI ya upande wa MinGW. Jina moja, kambi mbili. `clang-cl` ni chaguo zuri kwa mwenye DLL za MSVC na msimbo uliojaa mazoea ya GCC, kwani inavumilia mengi ambayo MSVC inayakataa. Wala si kitu cha majaribio: Chrome ya Windows ilihamia Clang mwaka 2018.

Cygwin ni jambo tofauti. Inakuletea tabaka zima la kuigiza Unix kupitia `cygwin1.dll`, na humo hata `fork` inafanya kazi, polepole. Kwa zana ndogo ya matumizi yako mwenyewe inafaa. Kwa programu utakayomkabidhi mteja kaunta, mimi sishauri.

Hatua ya 3: Jaribio la mistari ishirini

Kabla ya kugusa programu kubwa, andika programu ndogo kabisa inayotumia ile maktaba ngumu kuliko zote kwenye orodha yako. Yangu ingekuwa hivi: fungua printa, chapa neno "habari", funga printa. Ijenge kwa kompaila unayoifikiria na uiendeshe kwenye Windows halisi, kifaa kikiwa kimechomekwa. Ni kazi ya asubuhi moja, na jibu lake halina ubishi.

Ikikataa kwa sababu ya ABI una njia mbili. Ya kwanza ni kuhamia kambi ya hiyo maktaba. Ya pili ni daraja: unaandika DLL ndogo ya kwako, unaijenga kwa kompaila ya ile maktaba, na upande wa nje unaonyesha funksheni za C tupu. Hivi ndivyo nilivyomalizia mimi:

`extern "C" __declspec(dllexport) int printa_fungua(const char *bandari);`

`extern "C" __declspec(dllexport) int printa_chapa(const char *maneno);`

Zikawa nne kwa jumla. Ndani yake klasi za mtengenezaji zinafanya kazi yao kwa MSVC. Nje, programu iliyobaki imejengwa kwa MinGW-w64 na haijui kama kuna klasi yoyote. Daraja lote halikufika mistari 100.

Daraja lina miiko yake. Kumbukumbu iliyoombwa kwa `malloc` upande mmoja iachiliwe upande uleule, kwa sababu kila upande unaweza kuwa na maktaba yake ya C yenye hesabu zake. Usipitishe `FILE *` darajani kwa sababu hiyohiyo. Na hitilafu ya C++ isivuke: idake ndani, urudishe namba. Ukivunja miiko hii programu itaweza kukimbia wiki nzima, halafu ife Jumamosi saa sita mchana foleni ikiwa imefika mlangoni.

Hatua ya 4: Safisha msimbo ukiwa bado nyumbani

Kazi kubwa ya kuhama inafanyika Linux, wala huhitaji Windows. Jenga programu kwa GCC na kwa Clang zote mbili, na swichi kali:

`gcc -std=c11 -pedantic -Wall -Wextra -Wconversion -c stoo.c`

`clang -std=c11 -pedantic -Wall -Wextra -Wconversion -c stoo.c`

Maonyo ya `-pedantic` yakiwa mengi, hiyo ni sehemu ya orodha ya mazoea ya GCC uliyonayo; `__attribute__` na zile safu hazikamatwi hapo, zitafute mwenyewe. Yakiwa matatu au manne, MSVC inawezekana. Yakiwa mia mbili, baki na MinGW-w64 au `clang-cl` na ulale usingizi wako. Kisha tafuta vya Unix: `grep -rn "unistd.h\|fork\|mmap\|sys/socket" .` Hivi havitibiwi na kompaila yoyote, vitakudai kuandika upya.

Sasa suala la ukubwa wa aina. Kwenye Linux ya biti 64, `long` ina baiti 8. Kwenye Windows ya biti 64 ina baiti 4. Watu wengi wanadhani ukitumia MinGW unaepuka hili kwa kuwa ni GCC. Huepuki: huo ni uamuzi wa mfumo endeshi, na GCC inautii. Cygwin tu ndiyo inabaki na baiti 8.

Mimi nilikuwa naweka saa ya mauzo kama milisekunde tangu mwaka 1970, ndani ya `long`. Baiti 4 zenye alama zinaishia 2,147,483,647, na milisekunde hizo ni siku 24 na saa kadhaa. Risiti ya kwanza ya majaribio ilitoka na tarehe ya Januari 1970, bei sahihi, jina la duka sahihi. Mama akaitazama akacheka, akasema mwaka huo hata hajazaliwa. Badilisha kila `long` yenye maana maalumu iwe `int64_t` au `int32_t` kutoka `stdint.h`. Angalia pia `ftell`, ambayo inarudisha `long`; kwenye mafaili yanayozidi GB 2 itakudanganya.

Kuna aina ambazo kweli zinategemea kompaila. `long double` ya MinGW kwenye x86 ina usahihi wa biti 80. Ya MSVC ni sawa na `double` ya kawaida. Kwa hiyo usiipitishe darajani. Na kama unaandika miundo moja kwa moja kwenye faili, weka ulinzi unaokwamisha ujenzi ukubwa ukibadilika:

`_Static_assert(sizeof(struct mauzo) == 48, "ukubwa wa mauzo umebadilika");`

Jambo jingine ambalo kompaila husingiziwa: `fopen` bila herufi `b`. Kwenye Windows faili likifunguliwa kama la maandishi, kila baiti ya 10 unayoiandika inageuka kuwa 13 na 10, na baiti ya 26 inaweza kusomwa kama mwisho wa faili. Andika `"rb"` na `"wb"` kwa data yoyote isiyo maandishi. Kwenye Linux haileti madhara.

Hatua ya 5: Uliza swali sahihi kwenye makro

Msimbo ukianza kugawanyika kwa `#ifdef`, yaani vipande vinavyokompailiwa tu kama jina fulani (makro) limetangazwa, tenganisha maswali mawili. "Niko kwenye mfumo gani?" linajibiwa na `_WIN32`, `__linux__` au `__APPLE__`. Na `_WIN32` ipo hata kwenye Windows ya biti 64, jina lisikutishe. "Ninakompailiwa na nani?" linajibiwa na `_MSC_VER`, `__GNUC__`, `__clang__`. Anayeandika `_MSC_VER` akimaanisha Windows anaifungia mlango MinGW. Tena Clang ni kinyonga: inatangaza `__GNUC__` pia, na `clang-cl` inatangaza `_MSC_VER`. Ndiyo maana `__clang__` huulizwa kwanza.

Hatua ya 6: Chagua maktaba ya C

Ukienda na MinGW-w64 bado kuna uma mmoja njiani: `msvcrt.dll` ya zamani au UCRT, iliyokuja na Windows 10 na Visual Studio 2015. Chukua UCRT, isipokuwa kama kaunta bado ina Windows ya zamani ambayo UCRT haikuwekwa. UCRT ndiyo inayotumiwa na MSVC ya sasa, na `printf` yake inaelewa viashiria kama `%zu` ambavyo ile ya zamani ilivipuuza. MSYS2 inafungua mazingira ya UCRT64 kama chaguo la kawaida tangu 2022:

`pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc`

Usichanganye vifurushi vya MINGW64 na vya UCRT64 kwenye programu moja. Njia za mafaili zinafanana mno kiasi kwamba utafanya hivyo bila kujua. Kagua `PATH` yako.

Ukipenda kujenga kutoka Ubuntu, `sudo apt install mingw-w64` inakupa `x86_64-w64-mingw32-gcc`, nayo inatoa `.exe` bila kuwasha Windows. Kwa C++ yenye nyuzi chagua ile yenye jina linaloishia na `-posix`, kwani kabla ya GCC 13 ile ya `-win32` haikuwa na `std::thread`. Wine, inayoendesha `.exe` ndani ya Linux, itakusaidia majaribio ya haraka. Printa itakataa.

Hatua ya 7: Jua unachomkabidhi mteja

Endesha hii:

`objdump -p stoo.exe | grep "DLL Name"`

Kwa MinGW utakuta `libgcc_s_seh-1.dll`, `libwinpthread-1.dll`, na kama kuna C++, `libstdc++-6.dll`. Hazipo kwenye kompyuta ya mteja. Ama uzipakie pamoja na programu, ama uzishonee ndani kwa `-static`. Orodha hiyohiyo inakuonyesha pia maktaba ya C uliyopata: `msvcrt.dll` ni ile ya zamani, na majina yanayoanza na `api-ms-win-crt` ni UCRT. Kwa upande wa MSVC chombo ni `dumpbin /dependents`, na utakachokiona ni `VCRUNTIME140.dll`, inayowekwa na kifurushi cha Redistributable. Mimi nilihitaji vyote viwili kwa ajili ya lile daraja, na siku ya kwanza nilikisahau hicho cha pili. Kwenye kompyuta yangu ilikimbia vizuri kwa kuwa Visual Studio ilikuwepo. Jaribu kwenye mashine ambayo haijawahi kuonja zana za kujengea.

Ukielekea kwingine

Kwenye macOS, amri ya `gcc` ukiwa na zana za Apple ni Clang iliyovaa jina hilo. Amri `gcc --version` itakuambia. `long` ni baiti 8 kama Linux, kwa hiyo nusu ya shida za hapo juu hazipo.

Kutoka Linux kwenda Linux ya zamani, tatizo huwa glibc, maktaba ya C ya Linux. Ukijenga kwenye mfumo mpya na kuendesha kwenye seva ya zamani utapata kitu kama `version 'GLIBC_2.34' not found`. Jenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayohudumia, ndani ya kontena ukipenda, maana glibc mpya inaendesha programu za zamani lakini ya zamani haiendeshi mpya.

Hatua ya 8: Funga toleo, tunza visakinishi

MSYS2 inasasishwa kila mara, na `pacman -Syu` ya mwezi ujao inaweza kukupa GCC tofauti na ya leo. Andika `gcc --version` kwenye faili lililo pamoja na msimbo. Vifurushi alivyovipakua `pacman` viko `/var/cache/pacman/pkg`. Nakili folda hiyo. Visual Studio nayo ina swichi ya `--layout` inayopakua kila kitu mara moja kwenye folda unayoitaja, na baadaye unasakinisha bila intaneti. Ni GB kadhaa, kwa hiyo ifanye usiku ukiwa na bando la maana, au ukiwa mahali penye Wi-Fi ya watu. Yangu inakaa kwenye diski ya nje: visakinishi vya kompaila mbili, DLL ya printa na kichwa chake, daraja, na lile jaribio la mistari ishirini. Tawi la tatu lilipofunguliwa, printa zao zikiwa za aina nyingine, hilo jaribio ndilo nililoliendesha kwanza.